Haraka Katika Elimu

Wazee wetu walituachia methali mbili zisizopatana. Moja husema kwamba haraka haraka haina baraka. Ya pili huonya kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mtu asiye na fikira huichukua ile inayoupendeza moyo wake siku hiyo, akaifanya ngao. Mvivu hujikinga kwa ya kwanza, na mwenye pupa hujikinga kwa ya pili. Lakini mwenye busara hutambua kuwa wazee hawakutupa methali mbili ili tuchague moja na kuitupa nyingine. Walitupa mizani yenye vitanga viwili, wakatuachia sisi kazi ya kupima.

Katika insha hii nataka wewe, msomaji kijana, upime pamoja nami jambo moja la elimu. Je, yafaa mwanafunzi ambaye hajamaliza shule ya sekondari aanze kusoma masomo ya chuo? Swali hili sikulibuni ili kupamba karatasi. Nililetewa na jamaa yangu mwenyewe, naye alingoja jibu.

Dada yangu, binti wa ami yangu, anaishi na mume wake na watoto wao katika jimbo la Minnesota, nchini Marekani, ambako Wakenya wengi wamefanya maskani. Kazi yake ni kuwatunza wazee wasiojiweza, naye hushika zamu ya usiku. Alfajiri moja alipotoka kazini aliniandikia hivi: "Kaka, wewe ni mwalimu. Mpwa wako ana miaka kumi na sita, na shuleni wamemwambia kuwa aweza kusoma chuoni tangu sasa bila kulipa karo. Mimi nataka aende. Baba yake hataki. Yeye mwenyewe ana jibu jipya kila siku. Tushauri."

Ushauri ni mzigo, na mtu hapaswi kumtwika mwenzake mzigo asioupima. Kwa hiyo kabla ya kujibu nilijifunza kwanza habari za vyuo vile.

Huko Marekani kuna vyuo viitwavyo vyuo vya jamii. Ni vyuo vya miaka miwili vilivyojengwa karibu na makazi ya watu. Karo yake ni ndogo kuliko ya vyuo vikuu, na milango yake haichagui sana. Katika darasa moja waweza kumkuta kijana wa miaka kumi na tisa, mama aliyewalea watoto wake kwanza ndipo akarudia kitabu, fundi anayetaka cheti, na askari aliyetoka jeshini. Anayemaliza hupata shahada ya miaka miwili, au huhamia chuo kikuu akaendelea na mwaka wa tatu.

Chuo cha umma cha namna hii kilicho cha kale kuliko vyote kilianzishwa mwaka 1901 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois. Ajabu yake ni kwamba hakikuzaliwa na chuo kikuu, bali kilizaliwa ndani ya shule ya sekondari. Mkuu wa shule hiyo, J. Stanley Brown, alishauriana na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye aliona kuwa miaka miwili ya kwanza ya chuo kikuu ina undugu zaidi na sekondari kuliko na elimu ya juu. Wakaanza na wanafunzi 6, wakiwapa masomo ya chuo bila kuwahamisha kutoka mji wao. Mwaka 1947 tume iliyoteuliwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo hivyo vienezwe nchini kote, na jina la vyuo vya jamii likashika. Leo idadi yake inakaribia 1,000.

Nakusimulia habari hii ili ujue kwamba ukuta ulio baina ya sekondari na chuo haukushushwa kutoka mbinguni. Ulijengwa na watu, na watu wanaweza kuusogeza. Sisi wenyewe hapa Kenya tuliusogeza. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliondoa kidato cha tano na cha sita, na mwanafunzi akatoka kidato cha nne akaingia chuo kikuu. Mwaka huo huo wa 1985 jimbo la Minnesota lilipitisha sheria ya kuwaruhusu wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari kusoma masomo ya chuo, na jimbo likachukua juu yake karo na vitabu. Majimbo mengine yakafuata, kila moja kwa desturi yake. Katika jimbo la Washington, ambalo liliweka mpango wake mwaka 1990, karo husamehewa, lakini vitabu na nauli humwangukia mwanafunzi. Basi asiseme mtu kwamba kijana wa sekondari kuingia darasa la chuo ni kinyume cha maumbile. Lililo kinyume cha maumbile ni kuingia bila kujua unaingia wapi.

Sasa tuweke katika kitanga cha kwanza faida za jambo hili, nasi tuziweke bila uchoyo.

Faida ya kwanza ni ya mfuko. Vyuo vya Marekani hupima masomo kwa kipimo kiitwacho krediti. Somo moja la muhula aghalabu lina krediti 3, na shahada ya kwanza huhitaji krediti zipatazo 120. Mwanafunzi akisoma masomo mawili kila muhula kwa miaka miwili, atakuwa na krediti 24 siku anapomaliza sekondari. Hiyo ni sehemu moja katika tano za shahada nzima, na masomo hayo yamehesabiwa pia katika cheti chake cha sekondari. Kwa mzazi anayekesha kazini ili watoto wake wasome, hilo si jambo la kubezwa. Mtu ambaye hajapata kuhesabu sarafu usiku asiwe mwepesi wa kuwahubiria wengine kwamba fedha si kitu.

Faida ya pili ni ya akili. Mwanafunzi aliyekwisha kukausha kisima cha shule yake ana haki ya kuonyeshwa mto. Nimewaona darasani kwangu vijana waliomaliza kazi ya wiki katika siku moja, kisha wakakaa wakitazama dirisha. Uvivu wao haukuwa wa kuzaliwa nao. Tuliwafundisha sisi wenyewe kwa kuwakalisha bila kazi.

Faida ya tatu ndiyo iliyonishangaza, kwa kuwa sikuitarajia. Mwaka 1974, katika chuo cha jamii cha LaGuardia mjini New York, ilifunguliwa shule ya sekondari ndani ya chuo. Haikuwekwa kwa ajili ya wanafunzi hodari. Iliwekwa kwa ajili ya vijana waliodhaniwa kwamba wangeacha shule kabla ya kumaliza. Waliowachukua waliamini kwamba kijana aliyechoka kutendewa kama mtoto aweza kuamka akiwekwa kati ya watu wazima na kuaminiwa. Fikiri, msomaji, juu ya jambo hilo. Sisi hudhani kuwa mlango wa mapema ni tuzo ya wenye mbio. Hapa ulikuwa mkono ulionyoshwa kwa waliokuwa wakizama. Kwa hiyo alama za mtihani peke yake hazitoshi kutuambia nani avuke na nani angoje.

Kitanga cha kwanza kimekuwa kizito. Tukigeukie cha pili.

Katika shule ya sekondari somo huenda polepole mwaka mzima, na mwalimu humfuata anayelala. Katika chuo, yale yale yaweza kumalizwa katika muhula mmoja wa majuma yapatayo 15. Kanuni ya vyuo vile ni kwamba kila saa moja ya darasani hudai saa mbili za kujisomea. Somo la krediti 3 basi hudai saa 9 kwa wiki, na masomo manne hudai 36, ambazo ni karibu sawa na saa za mtu aliyeajiriwa. Anayeona kwamba mwanafunzi wa chuo huingia darasani mara mbili tu kwa wiki hudhani kuwa ana wakati mwingi. Wakati anao kweli, lakini ni kama shamba lisilo na ua. Asipolilinda mwenyewe litaliwa na mbuzi.

Tena, alama anazopata huko huandikwa katika hati ya chuo, na hati hiyo haizeeki. Siku atakapoomba nafasi katika chuo kikuu ataulizwa alisoma wapi kabla, na hati ile itasimama kama shahidi. Kijana wa miaka kumi na sita aliyelegea muhula mmoja anaweza kumkuta shahidi huyo akiwa na miaka ishirini. Wala krediti zenyewe si sarafu inayopokewa katika kila duka. Vyuo vikuu vya umma vya jimbo lile lile aghalabu huzikubali, lakini vingine, hasa vya watu binafsi na vya majimbo mengine, vyaweza kuzikataa.

Lakini lililonigusa zaidi ni sheria moja. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi, mzazi ndiye mwenye haki ya kuona alama za mtoto wake aliye shuleni. Mtoto huyo akijiandikisha chuoni, haki juu ya kumbukumbu za chuo huhamia kwake mwenyewe, hata kama hajatimiza miaka kumi na minane. Dada yangu hangeweza tena kumpigia mwalimu simu na kudai habari kwa haki yake ya uzazi. Ingemlazimu amtegemee binti yake kusema kweli. Hapo niliona kwamba chuo hakimpi kijana masomo ya watu wazima tu. Humpa pia uhuru wa watu wazima, na uhuru huo una chumba cha siri ndani yake.

Nami nina neno la kusema katika shauri hili, maana niliwahi kuvushwa kabla ya wakati. Nilipokuwa darasa la nne mwalimu alimwita baba akamwambia kwamba nilikuwa nikiwatangulia wenzangu, na kwamba yafaa niruke darasa la tano niingie la sita. Baba alifurahi. Mama alichinja jogoo, na majirani wakaja kula. Nilitembea kijijini kifua mbele. Katika darasa la sita nilihangaika muhula mmoja, kisha nikazikariri kanuni nilizozikosa, nikapata alama nzuri, na hakuna aliyegundua kitu, hata mimi mwenyewe.

Miaka zaidi ya kumi ikapita. Nikiwa katika chuo cha ualimu nilipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha, nikapewa darasa la tano, hesabu za sehemu. Niliandika ubaoni kwamba 6 ikigawanywa kwa nusu jibu lake ni 12. Mtoto mmoja wa kike akainua mkono akauliza, "Mwalimu, mbona tumegawanya na hesabu imezidi?" Nilijua kanuni ya kupindua na kuzidisha. Sababu yake sikuijua. Nilisimama na chaki mkononi, darasa zima likinitazama, nikasema kwamba nitajibu kesho. Usiku ule niliazima kitabu cha darasa la tano nikakisoma kama mtoto. Ndipo nilipoona kwamba swali lilikuwa jepesi. Katika mikate sita mna nusu ngapi? Mna kumi na mbili. Wenzangu walilijua hilo wakiwa na miaka kumi na mmoja. Mimi nililijua nikiwa na miaka ishirini na miwili. Mwaka nilioruka haukuwa umepotea. Ulikuwa umekaa njiani ukiningoja.

Simlaumu mwalimu wangu, wala simlaumu baba. Walinitakia mema, na kweli niliweza kusoma darasa la sita. Kosa letu sote lilikuwa moja: tuliuliza kama ninaweza kufika kule mbele, na hatukuuliza ndani ya darasa la tano mna nini. Tuliuona mwaka kama umbali wa kupunguzwa, kumbe mwaka ni kapu lenye vitu. Anayelipita kapu bila kulifunua husema ameokoa wakati. Wakati ameuokoa kweli, lakini chakula amekiacha.

Hapa ndipo mizani yetu inapoanza kusimama. Kuanza masomo ya chuo mapema si wema wala si ubaya kwa dhati yake. Wema wake au ubaya wake hutegemea mambo ambayo kalenda haiyajui.

La kwanza ni kile kinachoachwa. Somo la chuo huchukua nafasi ya jambo fulani. Likichukua nafasi ya somo ambalo mwanafunzi amekwisha kulimeza, hasara iko wapi? Lakini likichukua nafasi ya somo ambalo hajalielewa bali amelichoka, basi anakimbia deni, na deni lina miguu. Tena si masomo tu yanayoachwa. Kuna kwaya, kuna mchezo wa jioni, kuna marafiki wa rika lake ambao pamoja nao mtu hujifunza kukosea bila gharama kubwa. Vitu hivyo havina krediti, lakini usidhani kwamba havina thamani.

La pili ni mwenye haraka. Haraka hii ni ya nani? Yaweza kuwa ya mwanafunzi mwenye kiu ya maarifa, nayo ni haraka njema. Yaweza kuwa ya mzazi anayetaka kusimulia habari kanisani au msikitini kwamba mwanawe yuko chuoni na umri wake bado. Yaweza kuwa hofu tu, hofu ya kuona wenzako wakienda nawe ukabaki. Mtu anayetembea kwa miguu yake mwenyewe huchoka akapumzika. Anayesukumwa hana pa kupumzikia.

La tatu, na zito kuliko yote, ni uwezo wa kujibu kwa matendo yako. Sikuulizi kama wewe ni hodari. Nakuuliza kama unaweza kuipokea alama mbaya bila kuificha, kumwendea mwalimu asiyekuita, na kukaa kitini jioni ambayo hakuna anayekutazama. Ukiweza hayo, umri wako ni mkubwa kuliko miaka yako. Usipoyaweza, basi hata ungoje mpaka miaka thelathini, chuo kitakuwa mapema kwako.

Nilimwandikia dada yangu kwa maneno hayo, nikaongeza ushauri mdogo. Mpwa wangu alitaka masomo manne kwa mpigo. Nikasema achukue moja, katika fani anayoipenda, na masomo mengine ayasome shuleni kwake kama kawaida. Mguu mmoja uingie majini na mmoja ubaki ukingoni, maana maji usiyoyafika hujui kina chake. Nikasema pia kwamba neno la mwisho liwe lake, si langu wala si la wazazi, kwa kuwa atakayekaa katika kile kiti ni yeye.

Alichagua elimu ya viumbe, kwa sababu anataka kuwa muuguzi. Katikati ya muhula alipata alama mbaya katika jaribio. Wazazi wake hawakuwa na njia ya kujua, na chuo hakikuwa na wajibu wa kuwaambia. Jioni ile mama yake alipokuwa akijitayarisha kwenda kazini, binti aliileta karatasi ile akaiweka mezani mbele yake. Kisha kesho yake akamwendea mwalimu ofisini kumwuliza alipokosea. Muhula ulipokwisha alipata alama ya wastani, wala haikuwa ya kuchinjiwa jogoo. Lakini aliniandikia mwenyewe, akasema, "Mjomba, ningaliweza kuificha, na hakuna ambaye angalijua." Niliisoma barua hiyo mara mbili. Nilipokuwa na umri wake mimi nilificha mambo madogo kuliko hilo.

Labda wewe, msomaji, utasema kwamba habari hizi ni za Minnesota, na hapa kwetu hakuna mlango wa namna ile. Lakini tazama vizuri. Mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu, nao walitakiwa kuchagua moja katika njia tatu: sayansi na ufundi, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Nao walikuwa vijana wa miaka kama kumi na mitano. Nao walikuwa na wazazi wenye matumaini, walimu wenye maoni, na marafiki wa kufuatwa. Kila nchi humletea kijana mlango wake, na aghalabu huuleta mapema kuliko anavyopenda. Mlango hutofautiana, swali halitofautiani.

Basi siku utakapoambiwa kwamba unaweza kuwahi, usione haya kukubali, wala usione haya kukataa. Usijiulize kwanza utafika lini. Lifunue kapu la mwaka unaotaka kuupita, utazame mlimo ndani. Kama umekwisha kula kilichomo, nenda, na baraka za wazee ziwe pamoja nawe. Kama hujala, keti ule. Barabara haihami.